Mmisionari Mkunga: Vidokezo 14 Kabla Hujapanda Basi la Ngara

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, wengi wao ndani ya siku moja na usiku wake. Walitua Benaco, mahali palipopata jina kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, na kufumba na kufumbua vilima vile vikageuka mji wa maturubai.

Hebu piga hesabu ya kikunga. Wataalamu wa dharura hukadiria kwamba katika kila wakimbizi 100 watazaliwa watoto wanne kwa mwaka. Kwa watu 200,000, hao ni watoto 8,000, yaani zaidi ya 20 kila kukicha. Na katika kila wajawazito 100, kama 15 watapata tatizo linaloweza kuwaua. Uchungu haungoji hema lisimikwe.

Basi dada, na wewe kaka uliyesomea kazi hii, kama unasikia Mungu anakuita ukawahudumie akina mama wakimbizi, haya hapa maandalizi. Yote yanasimama juu ya jambo moja: fika ukiwa mkunga kamili. Upendo ni wa lazima, lakini mama anayevuja damu saa nane usiku anahitaji upendo unaojua kuizuia damu hiyo.

1. Ijue historia kabla ya kufunga begi

Ngara na Biharamulo zimepokea wakimbizi kwa mawimbi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Burundi tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi walimiminika kuvuka mpaka. Miezi sita baadaye wakaja Wanyarwanda, wakajaa Benaco, Lumasi na Musuhura. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao karibu wote, na Lukole ikabaki makao ya Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, familia nyingine zilipitia Ngara kabla ya kusafirishwa hadi mkoa wa Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996.

Haya yana kazi gani leba? Yana kazi kubwa. Mama wa miaka 30 anaweza kuwa amezaliwa kambini, akarudishwa kwao akiwa binti, kisha akakimbia tena akiwa na mimba. Ukimuuliza "Kwenu ni wapi?" umeuliza swali zito. Uliza kwa upole, na ukubali jibu fupi.

2. Leseni mkononi, sala moyoni

Usifike na barua ya mchungaji peke yake. Hapa Tanzania, Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalosajili na kutoa leseni ya kufanya kazi, na aliyesomea nje lazima apitie hapo kabla ya kugusa mgonjwa. Kwa wanaotoka nchi nyingine kuna pia kibali cha kuishi. Wamisionari wana daraja lao la kibali, na mwombaji mara nyingi ni kanisa au shirika linalokupokea. Anzeni mapema, kwa sababu karatasi hizi huchukua muda.

Kambi nayo ina mlango wake. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kambi zipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huwezi kuingia kuhudumu bila ruhusa yake. Heshimu ofisi ya mkuu wa kambi tangu siku ya kwanza. Mmisionari anayepenyeza huduma kwa mlango wa nyuma anawaweka hatarini wakimbizi wanaomfungulia mlango huo.

3. Pitia kwanza wodi yenye kazi nyingi

Kambi si mahali pa kujifunzia kushona msamba. Kabla hujaenda, omba kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi kwenye wodi ya wazazi isiyopumzika. Ngara ina hospitali mbili za kanisa zenye jina: Murgwanza ya Dayosisi ya Kagera ya Kianglikana, na Rulenge ya Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Ukiwa hapo utazalisha, utashona, utasaidia upasuaji, utasindikiza rufaa, na utajua mvua ya Ngara inavyofanya barabara za vijijini.

Kuna faida nyingine. Utawajua madaktari na wauguzi watakaopokea rufaa zako baadaye. Simu inayopigwa na mtu anayefahamika hupokelewa haraka.

4. Wajue maadui watano hata ukiamshwa usingizini

Wanaoua mama na mtoto kambini ni walewale wanaoua kijijini: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, uambukizo, uchungu pingamizi, na mtoto kushindwa kupumua. Jifunze kila mmoja hadi mikono ikumbuke yenyewe.

Damu: mtoto akishatoka, hakikisha hakuna pacha, kisha choma oksitosini yuniti 10 msulini ndani ya dakika moja. Dawa hii inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo friji na jenereta ni sehemu ya huduma yako kama ilivyo glavu. Umeme ukikosekana kabisa, misoprostoli mikrogramu 600 kwa mdomo ndiyo mbadala. Damu ikifika mililita 500, usiseme "tusubiri kidogo". Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuipima damu kwa mfuko wenye alama, kisha kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja, kunapunguza madhara makubwa ya kutoka damu kwa asilimia 60. Matibabu hayo ni kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi traneksamiki, dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Kukisia damu kwa macho kumeua wengi.

Kifafa cha mimba: pima presha kila hudhurio, bila kuruka. Magnesiamu salfeti huanza na gramu 14: nne kwenye mshipa polepole, na kumi kwenye makalio, tano kila upande. Weka kalsiamu glukoneti karibu, na kabla ya kila dozi inayofuata hesabu pumzi, pima mkojo na gonga goti kuona kama mguu unaitika.

Uchungu pingamizi: jaza patografu wakati mama yuko kwenye uchungu. Kuijaza baada ya mtoto kuzaliwa ili faili lipendeze ni uongo, na siku moja uongo huo utamgharimu mama.

5. Dakika ya kwanza ni ya mtoto

Mtoto mmoja kati ya kumi hivi huhitaji msaada ili aanze kuvuta pumzi. Mpanguse, msisimue, msafishie njia ya hewa ikiwa imeziba, na kama bado hapumui, anza kumpa pumzi kwa mfuko na maski kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Tanzania ina ushahidi wake wa kujivunia hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ukiongozwa na Dkt. Georgina Msemo, ulifuatilia hospitali nane zilizofundisha wahudumu mbinu hizi rahisi, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kwa asilimia 47. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, imekuwa kitovu cha kuendeleza mafunzo haya kwa miaka mingi. Siri iliyogunduliwa ni ndogo: kufundishwa mara moja hakutoshi. Weka mwanasesere na mfuko wa pumzi pembeni ya chumba cha kujifungulia, na kila anayeingia zamu afanye mazoezi dakika tano.

Mtoto akishalia, mweke kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa moja. Usiharakishe kukata kitovu. Dakika moja hadi tatu zinamwongezea damu. Njiti naye afungwe kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Usiku wa Ngara una baridi, na kifua cha mama hakihitaji umeme.

6. Malaria ni adui wa tumboni

Usidhani kazi inaanza uchungu unapoanza. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Mtendeli, Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba vifo vya akina mama wa uzazi na vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 16 ya vifo vyote vya kambi katika kipindi kilichochunguzwa. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alizaliwa na uzito pungufu. Kuugua malaria mara tatu au zaidi wakati wa mimba kulihusishwa na matokeo mabaya.

Kwa hiyo kliniki ya wajawazito ndiyo uwanja wako mkuu. Vidonge vya SP kwa awamu kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, chandarua chenye dawa, vidonge vya kuongeza damu, kipimo cha kaswende, kipimo cha VVU. Kagera, mkoa wenye Ngara, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na leo dawa za kumkinga mtoto zipo na zinafanya kazi. Kumkinga kunaanza na mama kupimwa bila kuogopa kuaibishwa.

Muulize pia amekula nini. Posho ya mahindi na maharage ikipunguzwa, wa kwanza kujinyima ni yeye, ili watoto wapate.

7. Jifunze kusema naye kwa lugha yake

Kiswahili kitakufikisha mbali, hasa kwa wakimbizi Wakongo wa kambi ya Nyarugusu. Lakini mama wa Kirundi anapofikia kusukuma, atalia kwa Kirundi. Bahati nzuri, wenyeji wa Ngara, Wahangaza, wanasema lugha iliyo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Kabla ya kwenda kambini, kaa na bibi mmoja wa Ngara jioni, msaidie kuchambua maharage, akufundishe. Anza na haya: inda ni tumbo lenye mimba, amaraso ni damu, umwana ni mtoto, murakoze ni asante, na humura ni neno la kumtuliza mwenye hofu.

Ukihitaji mkalimani, tafuta mwanamke mzima aliyefundishwa kutunza siri. Usimtumie mtoto wa mgonjwa, wala mume, wala jirani wa hema. Mbele yao mama atakuficha yale hasa unayotakiwa kuyajua.

8. Wakubali wakunga waliokutangulia

Kambi yoyote ina wanawake waliokuwa wakizalisha kijijini kwao, na mara nyingi ina wauguzi na wakunga wenye vyeti waliokimbia pamoja na majirani zao. Watafute wiki ya kwanza. Wasalimie kwa heshima, kaa chini, wasikilize.

Mkunga wa jadi hatakiwi kuzalisha peke yake hemani, na hilo mweleze wazi. Lakini ndiye anayejua nani ana mimba na anaificha, nani anapigwa na mumewe, na nani alijifungua jana akiwa na homa leo. Mfanye awe msindikizaji: alete mama kituoni, abaki naye, amshike mkono, amkande mgongo. Mtambulishe mbele za watu kama mwenzako. Usipompa nafasi mchana, ataitwa usiku.

Mkunga mkimbizi mwenye cheti anastahili zaidi ya kubeba maji na kufagia. Fuata taratibu za ajira za kambi, kisha mpe kazi ya taaluma yake. Wewe utaondoka siku moja. Yeye atarudi kwao akiwa na ujuzi huo.

9. Leba ni mahali pa heshima

Makofi, matusi, "ulipokuwa unapata raha hukulia", haya yamesikika katika wodi nyingi za Afrika Mashariki. Yasisikike kwako. Funga pazia. Mwite mama kwa jina lake. Mweleze unachofanya kabla ya kumpima njia. Mruhusu atembee, anywe uji, achague mkao. Mwanamke aliyekimbia vita ameshikwa na kusukumwa na mikono mingi asiyoitaka. Wako uwe wa kwanza kuomba ruhusa.

Mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa amekufa, usiuondoe mwili kimyakimya. Waulize wazazi kama wanataka kumwona, kumpa jina, kumzika kwa desturi yao. Mchungaji, padri au shehe wa kambi aitwe kulingana na imani yao.

10. Injili isiwe tiketi ya foleni

Tuseme wazi, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Mwaka huohuo wa 1994, Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada, yakiwemo ya Kikristo, yalikubaliana kanuni za mwenendo: msaada hutolewa kwa kuangalia hitaji, na hautumiwi kusukuma msimamo wa dini wala siasa. Kanuni hiyo haipingani na wito wako. Mama aliye kwenye uchungu hana nguvu ya kukataa, na imani inayodaiwa kwa mtu asiyeweza kukataa si imani.

Omba kabla ya zamu pamoja na wenzako wanaotaka. Mama akikuomba umwombee, mwombee kwa moyo wote. Jumapili nenda kanisani na wakimbizi. Katika kambi za Ngara makanisa yalianza chini ya miti na maturubai, yakiongozwa na wakimbizi wenyewe, na kwaya zao zilikuwa na mengi ya kumfundisha mgeni. Akikuuliza kwa nini ulikuja, mwambie. Lakini nepi, kanga na sabuni zigawiwe sawa kwa Mkristo, kwa Mwislamu na kwa asiye na dini.

11. Usiulize kabila

Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwepo watu wasio na hatia, na walikuwepo wauaji. Viongozi walioongoza mauaji ya kimbari ya Rwanda walishika usukani wa kambi, wakatumia misaada kujijenga, hata tawi la Kifaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaamua kujitoa mwishoni mwa 1994 kwa kukataa kuendelea kuwasaidia. Maswali hayo ni mazito, na wewe utayakuta kwa sura nyingine.

Kitandani, jibu ni moja: mjamzito huzalishwa. Hutamhukumu kwa alilofanya mumewe, wala hutamnyima dawa kwa sababu ya kilima alichotoka. Wakati huohuo usitumike. Usitoe orodha za wagonjwa kwa viongozi wa mitaa ya kambi, usibebe ujumbe usioujua, na linda mafaili. Katika kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua waliagizwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa, nao wakakataa. Biblia imetunza majina ya wakunga hao wawili. Jina la mfalme yule haikulitaja.

12. Jiandae kumpokea aliyebakwa

Anaweza kuwa alibakwa njiani, au jana alipokwenda kutafuta kuni. Usimlazimishe kusimulia. Dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina nafasi hadi saa 120. Zipo pia dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo. Matibabu yasingoje fomu ya polisi. Mpe huduma kwanza, kisha mweleze haki yake ya kushtaki na umsaidie akitaka.

Madhehebu yana misimamo tofauti juu ya uzazi wa mpango. Fahamu msimamo wa wanaokutuma kabla hujasaini, na uhakikishe kwamba lile usiloweza kulitoa wewe, mama anaelekezwa panapopatikana siku hiyohiyo, bila kudanganywa wala kusemwa.

13. Jikinge, na ijue barabara

Tarehe 20 Januari 2025 Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Virusi hivi husambaa kwa damu na majimaji ya mwili, na kazi chache humkutanisha mtu na damu kama ukunga. Glavu ndefu, aproni ya plastiki, miwani, buti na maji ya klorini viwepo kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mjamzito mwenye homa na kutokwa damu si lazima awe na "mimba inayotoka" tu. Fikiri mbali, mtenge kwa upendo, toa taarifa.

Kisha jifunze njia. Magari makubwa ya Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo na Kabanga, na kwa miaka mingi kipande cha msituni kati ya Biharamulo na Ngara kilisifika kwa majambazi hadi magari yakawa yanasindikizwa na polisi. Jua nani ana ufunguo wa gari la wagonjwa, nani anafungua geti usiku, hospitali ipi ina damu benki, dereva yupi anajua kuendesha kwenye tope. Kwa upande wa vijiji, Tanzania ina mfumo wa m-mama, namba 115, unaomtafutia mama na mtoto mchanga usafiri wa dharura bila malipo. Namba hiyo iandike ukutani.

Na usiwasahau akina mama wa vijijini walioipokea kambi, wakamega mashamba yao, wakagawana visima. Mlango wako uwe wazi kwao pia. Amani kati ya kambi na kijiji mara nyingi hujengwa kwenye benchi la kliniki.

14. Funga begi dogo, tunza moyo wako

Begini weka buti za mvua, sweta zito, taa ya kichwani na betri za akiba, saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha presha cha mkono, fetoskopu ya mti kwa siku ambayo mashine itakataa, kanga kadhaa za kuwafunika wasio na kitu, chandarua, na daftari gumu. Acha nyumbani kamera ya kupigia picha watoto. Mkimbizi si tangazo la kuchangishia fedha; picha yoyote iwe kwa ruhusa ya mama, na kama anatafutwa na wabaya wake, isiwepo kabisa.

Kuhusu fedha, kaa na kanisa lako muandike: mshahara au posho ni kiasi gani, bima, likizo, nani atakuletea usafiri ukiugua. Sadaka ya furaha bila mpango humrudisha mmisionari nyumbani mapema, akiwa na madeni.

Kuhusu moyo, utampoteza mama mmoja hata ukifanya yote sawa. Usibebe peke yako. Kaeni kama timu baada ya kila kifo: nini kilitokea, nini tungefanya mapema, nani anahitaji kulala leo. Lieni, ombeni, kisha rekebisheni kasoro. Pumzika siku moja ya wiki kama ulivyoamriwa. Tafuta mzee wa kanisa au mtawa mzoefu wa kukusikiliza, na ukiona hulali au umekuwa mkali kwa akina mama, omba likizo bila aibu.

Sasa anza

Mwaka 2015/16 takwimu za taifa zilionyesha vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Mwaka 2022 vilikuwa 104. Tofauti hiyo imeletwa na wakunga waliosoma, dawa zilizofika, magari yaliyowahi na viongozi waliolipa gharama. Mama mkimbizi anastahili kila kimoja cha hivyo, na Mungu unayemtumikia hajamwekea kiwango cha chini kuliko mama wa mjini.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo matatu. Mwambie mchungaji au paroko wako kuhusu wito huu. Angalia leseni yako inaisha lini. Mwandikie mganga mkuu wa hospitali yenye wodi ya wazazi iliyojaa, umwombe nafasi ya kufanya kazi hapo mwaka mzima. Ukimaliza mwaka huo na bado moyo unakusukuma, nenda. Akina mama wanakuhitaji, na wanakuhitaji ukiwa umeiva.